Mpwa wangu ana pointi tatu na anataka chuo chenye wanafunzi elfu moja. Hicho ni chuo kweli?

"Salamu mwalimu. Mimi ni mkulima wa korosho hapa Newala. Nina mpwa wangu wa kike, mtoto wa dada yangu, ninamsomesha mimi tangu kidato cha kwanza. Mwaka huu amemaliza kidato cha sita, PCM, amepata divisheni ya kwanza ya pointi tatu. Nyumbani tulishaamua aende Mlimani akasomee uhandisi, lakini yeye ameng'ang'ania chuo cha Marekani kinaitwa Caltech. Nimemuuliza kina wanafunzi wangapi, anasema wa shahada ya kwanza ni kama elfu moja. Sekondari aliyosoma haikuwa mbali na idadi hiyo! Halafu ni cha binafsi, na mimi ninavyojua chuo cha binafsi ni cha waliokosa nafasi serikalini. Gharama nimeambiwa inapita shilingi milioni mia mbili kwa mwaka. Kuna bwana mmoja Mtwara mjini anasema nimpe milioni tatu atafanya mpango wa nafasi na ufadhili, na minada ya korosho inaanza mwezi wa kumi. Nimlipe? Au nimwambie binti aachane na ndoto hiyo? Na huu utafiti anaoutaja kila siku, mtu anakula nao?"

Ndugu yangu, hongera kwanza. Pointi tatu kwenye PCM ni A ya Fizikia, A ya Kemia na A ya Hisabati, na mjomba aliyebeba ada tangu kidato cha kwanza ana fungu lake katika A hizo. Lililo la haraka nalisema kabla ya yote: usimlipe huyo bwana hata shilingi moja. Sababu nitaieleza huko chini. Mengine hayana haraka hiyo, kwa hiyo twende taratibu.

Nikisoma swali lako naona hofu mbili zimeshikana. Unaogopa binti amedanganywa na jina la kigeni, na unaogopa familia itaacha kitu cha uhakika, yaani Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kukimbilia kisichojulikana. Hofu ya kwanza nitaiondoa kabisa. Ya pili ina msingi, na ndiyo tutakayokaa nayo zaidi.

Caltech ni kifupi cha California Institute of Technology. Kipo katika mji wa Pasadena, jirani na Los Angeles. Ni chuo kikuu cha utafiti wa sayansi na teknolojia, na ni miongoni mwa vinavyoheshimiwa zaidi duniani katika fani hizo. Ni kweli ni kidogo: wanafunzi wa shahada ya kwanza ni kama 1,000, wa uzamili na uzamivu ni zaidi yao kidogo, na walimu wa ngazi ya uprofesa wanakaribia 300. Hesabu ya chuo chenyewe ni kwamba kila mwalimu ana wanafunzi watatu. Ni kweli pia ni cha binafsi. Lakini haya mawili, kuwa kidogo na kuwa cha binafsi, kule hayana maana uliyoizoea hapa.

Tuanze na hilo la binafsi. Kwetu vyuo vya serikali ndivyo vilivyotangulia, ndivyo vyenye majengo na walimu wengi, na vya binafsi vilikuja baadaye vikitegemea ada ya mwanafunzi. Ndipo watu wakajenga dhana uliyonayo, ingawa hata kwetu haiko sawa, maana wapo vijana wengi waliosoma vyuo vya binafsi wakatoka wamekamilika. Marekani mambo yalikwenda tofauti. Harvard, MIT, Stanford na Caltech vyote ni vya binafsi. Maana yake ni kwamba havimilikiwi na serikali, vinaongozwa na bodi ya wadhamini, na havigawi faida kwa mtu. Tena ada si nguzo yao kuu. Chuo kama hiki kinaishi kwa mfuko wa wakfu, yaani fedha za wafadhili zilizowekezwa, mtaji ukaachwa na mapato yake yakatumika mwaka hadi mwaka. Na kwa fedha za utafiti, ambazo sehemu kubwa hutoka serikali kuu ya Marekani. Serikali inatangaza fedha za utafiti, wanasayansi wanaandika maombi, na wenye hoja bora wanapewa, wawe chuo cha umma au cha binafsi. Mfano mkubwa ni maabara ya JPL, ile inayounda na kuendesha vyombo vya angani vya NASA, shirika la anga la Marekani. Vyombo vya Voyager vilivyorushwa mwaka 1977, na gari la Perseverance lililotua sayari ya Mirihi Februari 2021, vyote ni kazi ya JPL. Maabara hiyo ni ya serikali, lakini inaendeshwa na Caltech.

Sasa udogo. Hakikuwa hivi tangu mwanzo. Mwaka 1891 mfanyabiashara mmoja, Amos Throop, alianzisha pale Pasadena shule iliyofundisha zaidi kazi za mikono na ufundi. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanaastronomia George Ellery Hale, aliyekuwa amejenga kituo cha kutazama nyota kwenye mlima Wilson juu ya mji huo, aliwashawishi wakubwa wa shule waache kufundisha kila kitu, wabaki na sayansi na uhandisi, na wachukue watu wachache walio bora. Jina la sasa lilikuja mwaka 1920. Udogo ni uamuzi uliofanywa kwa makusudi, na tangu hapo wameulinda.

Waliupa sababu gani? Hapa ndipo penye kiini cha swali lako la mwisho, la utafiti, kwa hiyo niruhusu nitumie korosho yako.

Wewe ni mtu wa Newala, unajua salfa. Unajua kwamba mikorosho ikianza kuchanua, kwenye miezi ya baridi na umande wa asubuhi, inaingia ubwiri unga: vumbi jeupe juu ya majani machanga na maua, ua linakauka, bibo halifungi. Ule ni ugonjwa wa kuvu. Wazee watakuambia msimu wa 1973/74 nchi hii ilivuna tani 145,000 za korosho, na katikati ya miaka ya 1980 ikashuka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi, watu kuhamishiwa vijijini na bei mbaya zikiwemo, lakini ubwiri unga ulikuwa mkubwa kati yao. Nani aligundua kwamba salfa ipulizwe ua linapotokeza na si baada ya kukauka, irudiwe baada ya siku ngapi, na mche upi unavumilia zaidi? Ni watafiti, na kituo cha Naliendele hapo Mtwara kilikuwa katikati ya kazi hiyo. Walipanda mistari ya mikorosho, mmoja wakaupulizia, mwingine wakauacha, wakahesabu maua, wakapima uzito wa mavuno, mwaka baada ya mwaka, mpaka wakaweza kusema jambo ambalo kabla yao hakuna aliyekuwa na hakika nalo.

Huo ndio utafiti: kuuliza swali ambalo jibu lake halimo kwenye kitabu chochote, kisha kulitafuta kwa njia ambayo mwingine anaweza kuirudia akapata jibu lilelile. Chuo cha kawaida kinampa mwanafunzi maarifa yaliyokwisha kupatikana. Chuo cha utafiti kinafanya hivyo pia, lakini mwalimu wake ameajiriwa kwanza kutafuta yasiyojulikana, na mwanafunzi anajifunza akiwa pembeni yake. Huwezi kujifunza kazi ya namna hiyo kwenye ukumbi wa watu mia sita. Mtu lazima aone jinsi mtafiti anavyoshughulika na kipimo kilichokataa kutoa majibu, anavyoshuku hesabu yake mwenyewe, anavyotupa miezi sita ya kazi kwa sababu kifaa kilikuwa na hitilafu. Ndiyo maana walichagua wachache.

Na wachache hao wamefanya makubwa. Tetemeko la Kagera la Septemba 2016, redio zilisema lilikuwa na ukubwa wa 5.9 kwa kipimo cha Richter. Charles Richter alikuwa mtu wa Caltech, na kipimo hicho alikitoa mwaka 1935 akisaidiana na Beno Gutenberg. Linus Pauling, aliyeeleza jinsi atomu zinavyoshikana, mambo ambayo binti ameyasoma kwenye kemia ya kidato cha tano, alifundisha pale akapata Nobel ya Kemia mwaka 1954 na ya Amani mwaka 1962. Ahmed Zewail, Mwafrika mwenzetu wa Misri, alipata ya Kemia mwaka 1999 kwa kazi aliyoifanyia pale. Frances Arnold, mwanamke, aliipata mwaka 2018. Na Kip Thorne na Barry Barish wa Caltech waligawana ile ya Fizikia ya 2017 na Rainer Weiss wa MIT kwa kunasa mawimbi ya mvutano, mtikisiko wa anga wenyewe uliosafiri kutoka mashimo meusi mawili, vitu vya angani vyenye mvutano ambao hata mwanga hauuponyoki, yaliyogongana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Binti hakudanganywa na jina.

Lakini chuo kizuri na chuo kinachomfaa mtoto huyu ni mambo mawili, na hapa naomba mkae wawili, wewe na yeye, msome kwa makini.

Umeandika mlitaka asomee uhandisi. Uhandisi wa nini? Kama moyo wake uko kwenye gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo, na anataka aajiriwe kwenye visima au kwenye mtambo wa Madimba, Caltech haina shahada ya uhandisi wa petroli. Haina kitivo cha tiba, haina sheria, haina uuguzi. Ina uhandisi wa mitambo, umeme, kemikali, kompyuta. Ina fizikia, hisabati, kemia, biolojia, jiolojia na sayansi ya sayari. Shahada yake ya kwanza ni moja tu, ya sayansi. Mwenye lengo la gesi moja kwa moja, Mlimani inamfikisha kwa njia fupi na kwa gharama ndogo sana, na hilo si kushuka daraja.

Kisha kuna yale masomo ya lazima. Hata akienda kusomea kompyuta, atasoma hisabati, fizikia, kemia na biolojia pamoja na wengine wote, na juu yake masomo ya fasihi, historia au uchumi. Hisabati ya pale si kukokotoa tu. Anatakiwa athibitishe kwa nini kanuni ni ya kweli. Mtaala wetu wa hisabati ya juu umempa msingi mzuri, ana kalkulasi na namba changamani, lakini uthibitisho kwetu unafundishwa kwa uchache. Muhula ni wa wiki kama kumi, na mambo yanakwenda mbio. Wao wenyewe wanajua ugumu huo, ndiyo maana mihula miwili ya kwanza hawaandiki alama za herufi, wanaandika amefaulu au hajafaulu. Vijana waliokuwa wa kwanza darasani maisha yao yote wanafika pale na kwa mara ya kwanza wanakuwa wa katikati. Wengine inawaumiza sana. Nimeshasikiliza vijana wetu wakiwa mbali na kwao wakilia kwenye simu kwa jambo hilo, na siwezi kulificha kwa mzazi.

Kinachowasaidia ni desturi ya kazi za pamoja, na kanuni moja ambayo naipenda kuliko kitu chochote cha chuo kile. Inasema kwamba hakuna mwanajumuiya atakayejinufaisha isivyo haki dhidi ya mwenzake. Basi. Kwa sentensi hiyo moja wanaendesha mitihani. Fikiria mtihani wa taifa wa NECTA wa mpwa wako: bahasha zimefungwa kwa lakiri, polisi langoni, wasimamizi wanazunguka, daftari limeachwa nje. Sasa mchukue binti huyohuyo pale Pasadena. Anakabidhiwa karatasi ya mtihani aende nayo chumbani kwake. Juu imeandikwa: muda wa saa tatu, bila kitabu. Anafunga mlango, anaangalia saa, anaandika saa aliyoanza, anafanya. Kitabu kiko kwenye rafu, umbali wa mkono, hakigusi. Saa hizo tatu zikiisha anapiga mstari. Akitaka kuendelea anaweza, lakini juu ya mstari ule anakiri kwamba yanayofuata ni ya muda wa ziada. Hakuna aliyemwona. Anakwenda kuikabidhi. Mtu anayelelewa hivyo ndiye unayeweza kumwamini baadaye akikwambia maabara yake imepima kitu fulani, maana huko maabara pia hakuna msimamizi.

Na utafiti hausubiri mpaka amalize. Tangu mwaka 1979 wana mpango wa likizo ndefu unaoitwa SURF. Mwanafunzi anamtafuta mwalimu, wanaandaa swali pamoja, anaandika andiko la kuomba, akikubaliwa anafanya kazi wiki kumi na analipwa posho, mwishoni anaandika ripoti na kusimama mbele ya watu kueleza alichopata. Mtoto wa miaka ishirini. Hilo ndilo ambalo vyuo vikubwa hata vya Marekani vinashindwa kumpa kila anayetaka.

Umeuliza kama mtu anakula na utafiti. Anakula. Wengine wanaingia kampuni za teknolojia na viwanda baada ya shahada ya kwanza, na fungu kubwa kuliko vyuo vingine linaendelea hadi uzamivu. Lakini mshahara unakuja taratibu, na familia inayotegemea kijana aanze kutuma fedha akiwa na miaka 23 lazima ilijue hilo kabla, si baada.

Tuje kwenye fedha. Ile milioni mia mbili uliyoambiwa si uongo: ada, malazi, chakula na mengine ni kama dola 90,000 kwa mwaka. Ila hiyo ni bei iliyobandikwa. Kwa anayekubaliwa akiwa ameomba msaada wa fedha, chuo kinapima uwezo wa familia na kufidia pengo. Familia ya mkulima wa Newala ingechangia kidogo sana. Sharti ni kwamba mwanafunzi wa kutoka nje aombe msaada huo tangu siku anapoomba nafasi; akinyamaza akidhani ataomba akishafika, amejifungia mlango mwenyewe. Utatakiwa kuonyesha kipato chako, kwa hiyo tunza stakabadhi za AMCOS, chama chenu cha ushirika, na taarifa ya benki ya malipo ya mnada, ya msimu mzuri na ya msimu mbaya. Usipunguze wala usiongeze. Na mwambie binti awaandikie barua pepe ofisi ya udahili, awaulize kwa mwaka huu kama ombi la fedha linaathiri nafasi ya mwombaji wa nje. MIT, kwa mfano, hawaangalii kabisa uwezo wa kifedha wa mwombaji, awe Mmarekani au wa nje. Si kila chuo kiko hivyo.

Ugumu wa kweli ni kukubaliwa. Kati ya waombaji mia moja wanapata kama watatu, na wengi wa hao mia ni wa kwanza kwenye shule zao. A tatu zinamfikisha mlangoni, hazimwingizi. Wanadai tena mtihani wa SAT, ule wa kuombea vyuo vya Marekani, ambao walikuwa wameusimamisha kuanzia 2020 wakaurudisha. Kituo cha karibu nanyi ni Dar es Salaam, na ada yake inapita dola 100. Mazoezi yake yapo bure kwenye tovuti ya Khan Academy, hakuna haja ya kulipia darasa. Wanataka barua mbili za walimu, mmoja wa hisabati au sayansi na mwingine wa masomo kama Kiingereza au historia, kwa hiyo asimsahau mwalimu wake wa General Studies. Na wanataka insha zake mwenyewe, zinazoonyesha anavyofikiri anapokutana na jambo asilolijua. Kama amewahi kufungua redio mbovu kuona kwa nini imekufa, au kukaa na mzee wa shamba kuuliza kwa nini mkorosho mmoja haushikwi na ubwiri unga na wa jirani unashikwa, hayo ndiyo ya kuandika. Mtu akimwandikia insha, wasomaji wao wanaona.

Kuna mtego ambao watu wengi hawaujui, na kwenu ndio muhimu kuliko yote. Akianza Mlimani mwezi wa kumi au wa kumi na moja kama mwanafunzi kamili, kisha akaomba Caltech mwanzoni mwa Januari, hatahesabiwa tena kama mwombaji wa mwaka wa kwanza. Atakuwa mtu wa kuhamia, na hao wanachukuliwa wachache mno. Kwa hiyo kuomba sasa hivi kwa dhati kunamaanisha kukaa nyumbani mwaka mzima kwa bahati ya watu watatu katika mia. Huku nyuma, mwenye pointi tatu za PCM ana nafasi nzuri ya Samia Scholarship, ufadhili wa serikali kwa waliofanya vizuri zaidi kwenye sayansi kidato cha sita, wasome ndani ya nchi. Ufadhili huo unafuata matokeo ya mwaka wake. Kabla hamjauacha upite, ulizeni HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, kwa maandishi kama ataupata akichelewa mwaka mmoja, na TCU, tume ya vyuo vikuu, kama nafasi ya Mlimani inaweza kungoja.

Ongeza na viza. Masharti ya Marekani kwa Watanzania, hata wanafunzi, yamekazwa na yanabadilika. Kijana anaweza kukubaliwa na chuo akakwama ubalozini. Swali hilo mlielekeze ubalozini kabla ya kutumia nauli.

Angekuwa mpwa wangu ningemwambia hivi. Kama ana maombi ya vyuo vitano au sita vinavyotoa msaada kamili, na nyumbani mnaweza kuvumilia mwaka mmoja, na HESLB wamesema hapotezi kitu, ajaribu, Caltech ikiwa mmojawapo. Kama ni Caltech peke yake, au kama Samia Scholarship itapotea, aende Mlimani. Nasema hivyo nikijua kwamba Caltech ina mlango wa pili, nao kwa mtoto wa mkulima ni mpana kuliko wa kwanza. Wanafunzi wao wengi ni wa uzamivu, na anayesoma uzamivu pale halipi ada. Anafidiwa ada na kupewa fedha ya kujikimu kila mwezi kwa sababu yeye ndiye mikono ya utafiti. Pale hawaangalii mjomba ana shamba la ekari ngapi. Wanaangalia amefanya nini kwenye maabara na wanasayansi gani wanaoweza kumshuhudia. Kijana aliyesoma fizikia au uhandisi Mlimani, akafanya mradi wa maana, pengine akapitia uzamili Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, ambayo nayo ni ndogo na imejengwa kwa ajili ya utafiti, anaweza kugonga mlango huo akiwa na kitu mkononi.

Na yule bwana wa milioni tatu. Mawakala wa vyuo vya nje wanatakiwa kusajiliwa na TCU. Mwombe namba yake ya usajili uone atakachojibu. Hata akiwa nayo, hakuna wakala anayeweza kupanga nafasi Caltech, wala ufadhili wake. Maombi anafanya mwanafunzi mwenyewe mtandaoni, na ada ya maombi inaweza kusamehewa kwa asiye na uwezo. Kama ulishampa nakala za vyeti au namba ya mtihani, mwambie binti abadilishe nywila za barua pepe yake leo, na kama ulishampa fedha, nenda polisi na ujumbe wake wa simu.

Msaada wa ana kwa ana upo, na hautozi. EducationUSA, ofisi ya ushauri iliyo chini ya ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, inasaidia vijana wenye ufaulu wa juu kuchagua vyuo na kujaza fomu za fedha. Aandike kwanza kuomba miadi. TCU wataeleza taratibu za kwenda kusoma nje na jinsi shahada ya huko inavyotambuliwa hapa. Mkuu wa shule yake aombwe mapema matokeo na barua, maana likizo ikianza walimu hutawanyika. Na ukiona binti hali vizuri, halali, amejifungia na karatasi za vyuo, mwahirishe mambo ya maombi umpeleke kwanza kwa mtu wa kuongea naye, mshauri wa hospitali ya wilaya au mtu mzima anayemwamini. Mtoto wa pointi tatu huwa anaogopa kushindwa kuliko tunavyojua.

Akikubali kuanzia Mlimani, muhula wa kwanza tu amtafute mhadhiri anayefanya utafiti na amwombe kazi yoyote, hata ya kuosha vifaa na kuingiza takwimu kwenye kompyuta. Ajifunze kuandika programu, Python inatosha kuanzia. Na likizo akirudi Newala, apite Naliendele aombe kuonyeshwa mashamba ya majaribio. Wewe mjomba uende naye, utawauliza habari ya salfa na yeye atauliza wanapimaje.